Kijia cha Potasiamu: Historia ya Tezi Ndogo na Presha ya Watu wa Pwani

Tezi juu ya figo, 1564 hadi miaka ya 1930

Mchinjaji yeyote wa Mlandizi au Maneromango ameishika tezi hii mara nyingi bila kuitilia maanani. Imekaa juu ya figo, imezama ndani ya mafuta, na ukubwa wake haufiki robo ya figo yenyewe. Ukiipasua kwa kisu unaona rangi mbili: ganda la nje na kiini kisichofanana nalo. Wengi huitupa pamoja na mafuta. Binadamu naye anazo mbili, moja juu ya kila figo, na kila moja ina uzito wa gramu chache tu. Wataalamu huziita tezi za adrenali.

Mtaliano Bartolomeo Eustachi alizieleza mwaka 1564. Kwa karibu miaka 300 baada yake hakuna aliyejua kazi ya tezi hizo. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa Hospitali ya Guy's mjini London alichapisha habari za wagonjwa waliokuwa wakidhoofika siku hadi siku, ngozi zao zikizidi kuwa nyeusi, hadi wakafa. Maiti zao zilipopasuliwa, tezi hizo zilikutwa zimeharibika, na mharibifu mkubwa alikuwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis kisiwani Mauritius, aliwaondolea wanyama tezi zote mbili, na haikupita muda mrefu wakafa. Hapo ikajulikana kwamba kiungo hiki kidogo ndicho kinachoshikilia uhai.

Kilichokuwa hakijajulikana ni kwa njia gani. Adrenalini ya kwenye kiini ilipatikana kufikia mwaka 1901, ikawavutia watu wengi kwa sababu huamsha moyo papo hapo. Lakini mnyama huweza kuishi bila kiini. Bila ganda hufa. Katika miaka ya 1930 Robert Loeb wa New York alipima damu za wagonjwa wa Addison na kukuta kwamba sodiamu imepungua huku potasiamu ikipanda. Wakipewa chumvi nyingi walipata nafuu. Kumbe ganda la tezi lilikuwa likilinda mizani ya madini mawili, na potasiamu ikiachwa ipande bila kizuizi husimamisha moyo. Jambo hili halijapitwa na wakati katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu. Mgonjwa aliyemaliza dozi ya TB na bado anazidi kukonda, kuishiwa nguvu na kutamani chumvi, anastahili daktari anayeikumbuka tezi hii.

Majivu, mihogo na kipimo cha Kisii, 1929

Ili kuelewa kwa nini mwili unahitaji tezi ya namna hii, ni lazima kukumbuka watu walikuwa wakila nini. Chumvi ya bahari iliyokaushwa pwani, kama ile ya Nunge huko Bagamoyo, na ile ya maji ya chemchemi za Uvinza, ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa na kubadilishana. Haikuwa kitu cha kumwaga sufurianini kila jioni. Magharibi mwa Kenya watu walichoma matete na maganda ya mazao, wakachuja majivu kwa maji na kupata chumvi ya kuungia mboga. Chumvi hiyo ya majivu ina potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Chakula cha Uzaramo nacho kilikuwa cha aina hiyo: mihogo, kunde, kisamvu, maboga, ndizi na maji ya dafu, vyote vimejaa potasiamu na sodiamu yake ni haba.

Mtu anayekula hivyo anahitaji kiungo kinachofanya kazi mbili kila siku bila kuchoka: kuishika sodiamu kidogo iliyopo isipotee kwenye mkojo, na kuitoa potasiamu iliyozidi. Hiyo ndiyo kazi ya ganda la adrenali. Tezi hii ilizoea chakula cha shambani kwa vizazi visivyohesabika. Baadaye chakula kikabadilika, tezi ikabaki ileile.

Ushahidi wa zamani wa hali hiyo katika Afrika Mashariki uliachwa na daktari wa kikoloni, C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika eneo la Kavirondo Kusini nchini Kenya, upande wa Kisii. Mwaka 1929 alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya wanaume 1,000. Presha zao hazikupanda na umri kama za Wazungu. Kwa wazee zilielekea kushuka. Katika miaka miwili, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakuandika hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Donnison aliangalia zaidi ustaarabu na mihangaiko yake. Kwa maoni yangu jibu kubwa lilikuwa chunguni, na alilipita.

Nusu tani ya tezi, 1953 hadi 1954

Homoni inayolinda mizani hiyo ilichelewa kupatikana kwa sababu ni kidogo mno. Katika Hospitali ya Middlesex mjini London, Sylvia Simpson na James Tait waligundua kwamba ndani ya maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi kulikuwa na kitu kinachoshika sodiamu kwa nguvu kuliko kila kilichojulikana wakati huo. Wakaungana na Tadeusz Reichstein wa Basel, Uswisi. Mwaka 1953 walipata fuwele safi: kutoka kwenye nusu tani ya tezi za ng'ombe walitoka na takriban miligramu 20 tu, kiasi ambacho hakijai ncha ya kijiko. Homoni hiyo ikaitwa aldosteroni.

Mwaka uliofuata Jerome Conn, wa Chuo Kikuu cha Michigan, alipokea mwanamke wa miaka 34. Kwa miaka saba mama huyo alikuwa akipata mikakamao ya misuli na vipindi vya kuishiwa nguvu hadi miguu inakataa. Presha yake ilikuwa juu. Potasiamu ya damu yake ilikuwa imeshuka vibaya, na Conn akasema tezi yake inamwaga aldosteroni bila kuagizwa. Desemba 1954 alifanyiwa upasuaji. Juu ya figo moja kulikuwa na uvimbe wa sentimita chache. Ulipotolewa, potasiamu ilirudi, presha ikashuka, nguvu zikarejea. Ilionekana wazi kwamba presha, ugonjwa tunaoambiwa ni wa kumeza dawa hadi kufa, kwa baadhi ya watu una chanzo kinachoweza kuondolewa kwa kisu.

Conn aliamini wagonjwa wa namna hiyo ni wengi. Madaktari wenzake walibisha kwa miongo kadhaa, wakashikilia kwamba ni ugonjwa adimu, na sababu yao kubwa ilikuwa kwamba walimtafuta mgonjwa mwenye potasiamu ya chini peke yake. Wengi wenye ugonjwa huu potasiamu yao ni ya kawaida. Ubishi huo umewagharimu wagonjwa wengi, na gharama yake haijaisha.

Kibaha, 1963 hadi 1970

Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kibaha ni miongoni mwa mahali ambapo vita hiyo ilipewa ardhi, majengo na walimu. Kwa makubaliano na nchi za Nordiki, zikiwemo Denmark, Finland, Norway na Sweden, kituo kilianzishwa mwaka 1963 kandokando ya barabara ya Morogoro, kilomita zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam. Kilikuwa na shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali kikawa Shirika la Elimu Kibaha, na kile kituo cha afya kikaendelea kukua hadi kuwa Tumbi, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani ya leo.

Nchi hizohizo zilizojenga Kibaha zina sehemu kubwa katika historia ya tezi hii. Robert Tigerstedt, Mfini aliyekuwa akifanya kazi Stockholm, aligundua mwaka 1898 kwamba figo hutoa kitu kinachopandisha presha, akakiita renini. Baadaye ikajulikana kwamba renini huzalisha angiotensini, na angiotensini huiamuru tezi itoe aldosteroni. Naye Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, akichunguza neva za kaa wa pwani, alionyesha mwaka 1957 pampu inayosukuma sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu ndani. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Maradhi ya miaka ile, hata hivyo, yalikuwa malaria, surua, kuhara, kichocho na utapiamlo wa watoto. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angepeleka fedha za mwaka 1965 kwenye kipimo cha aldosteroni wakati watoto wanakufa kwa surua. Lakini barabara ileile iliyoleta dawa na vitabu Kibaha ndiyo iliyobeba watu kwenda mjini.

Waliohamia mjini, miaka ya 1980 na 1990

Katika miaka ya 1980 watafiti walifuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki nyumbani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1990 na Neil Poulter na wenzake, yalikuwa mazito: presha ya wahamiaji ilikuwa imepanda tangu miezi ya mwanzo. Katika mikojo yao sodiamu ilikuwa imeongezeka kulinganisha na potasiamu. Mtu yuleyule, damu ileile, sahani nyingine.

Tanzania nayo ilikuwa na watu wake. Jacob Mtabaji, mtaalamu wa fiziolojia, alishirikiana na Yukio Yamori wa Japani katika uchunguzi wa kimataifa uliopima mkojo wa saa 24. Hapa nchini walichagua mahali patatu penye maisha tofauti: Dar es Salaam, Handeni kwa wakulima, na Monduli kwa wafugaji. Uchunguzi wa mwanzo ulifanyika mwaka 1987, na mwaka 1998 watafiti, akiwemo Marina Njelekela, walirudi. Ninauheshimu sana uchunguzi ule kwa sababu ya ugumu wake. Kukusanya mkojo wa siku nzima ni kumwomba mtu mzima atembee na chombo kuanzia asubuhi hadi asubuhi, asimwage hata tone, kisha akikabidhi. Ila hakuna njia ya mkato ya kujua kwa uhakika mtu amekula chumvi kiasi gani.

Kisha yakaja matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 kutoka Ilala na kijiji cha Shari wilayani Hai. Takriban watu wazima 3 kati ya 10 walikuwa na presha ya 140/90 au zaidi, mjini na kijijini vilevile. Chini ya asilimia 20 ya hao walijua kwamba wanayo. Waliokuwa wakitibiwa walikuwa kama asilimia 10, na waliotibiwa hadi presha ikatulia hawakufika asilimia 1. Toka Kisii ya 1929 hadi Ilala ya miaka ya 1990 ni umri wa mtu mmoja. Jeni za watu hazibadiliki kwa kasi hiyo.

Kijia chenyewe, 1976 hadi 2003

Swali lililobaki lilikuwa hili: tezi hujuaje kwamba potasiamu imezidi? Haina macho wala ulimi. Jibu lilingoja kifaa. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann nchini Ujerumani walitumia bomba la kioo jembamba sana kunasa kipande cha utando wa seli na kupima umeme unaopita katika kijia kimoja. Vijia hivyo ni protini zilizotoboa utando, na wataalamu wa Kiswahili wengi huziita chaneli.

Mwaka 1998 Roderick MacKinnon wa New York alionyesha umbo la chaneli ya potasiamu, kwa kutumia ile ya bakteria wa udongoni. Chekecheke ya nyumbani hupitisha kidogo na kuzuia kikubwa. Chaneli hii hufanya kinyume. Chembe ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu, lakini potasiamu hupita na sodiamu huzuiwa, kwa tofauti ya mara 10,000 hivi. Siri iko kwenye mlango mwembamba wenye atomi za oksijeni zilizopangwa kwa kipimo cha potasiamu kamili. MacKinnon alipata Nobel mwaka 2003.

Karibu na wakati huo, mjini Budapest, kundi la Péter Enyedi na András Spät lilionyesha kwamba seli za tabaka la nje kabisa la ganda, zile zinazotengeneza aldosteroni, zimejaa chaneli za potasiamu za jamii ya TASK, na kwamba angiotensini huzifunga. Sasa picha ikakamilika. Potasiamu ndani ya seli ni nyingi kama mara 30 kuliko ya kwenye damu. Chaneli zikiwa wazi, potasiamu huvuja kwenda nje taratibu na kuiacha seli na chaji hasi ndani yake, karibu milivolti 80 chini ya sifuri, na seli hukaa kimya. Potasiamu ya damu ikipanda hata kidogo, uvujaji hupungua; angiotensini ikifika, chaneli hufungwa. Kwa vyovyote vile chaji hasi hupungua, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia na aldosteroni hutengenezwa. Aldosteroni huenda kwenye figo, hushika sodiamu na kutoa potasiamu. Potasiamu ya damu ikirudi chini, seli hutulia tena. Tabaka la ndani yake linalotoa kortisoli nalo lina chaneli zake za potasiamu, ziitwazo TREK, ambazo hufungwa na amri ya homoni kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo.

Uvimbe wa Uppsala, 2008 hadi 2013

Mwaka 2008 watafiti wa Virginia, Marekani, waliwazalisha panya wasiokuwa na TASK-1 wala TASK-3. Panya hao walimwaga aldosteroni hata walipolishwa chumvi nyingi, hali ambamo tezi nzima ingepaswa kunyamaza. Kundi jingine, la Ujerumani, lilikuta kwamba panya wakiondolewa TASK-1 peke yake, majike waliokomaa hupata ugonjwa, na madume huponyoka baada ya kubalehe.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2011. Richard Lifton na wenzake wa Yale, wakishirikiana na wapasuaji wa Uppsala nchini Sweden, walisoma jeni za uvimbe 22 wa aina ile ya mgonjwa wa Conn. Katika uvimbe 8 walikuta kosa katika jeni moja, KCNJ5, inayotengeneza chaneli ya potasiamu. Kosa lilikuwa palepale kwenye mlango mwembamba wa MacKinnon au jirani yake. Herufi moja ya jeni imebadilika, mlango umelegea, sodiamu inaingia, chaji hasi inapotea, kalsiamu inafuata, na seli inatengeneza aldosteroni mchana na usiku huku ikizaana. Familia moja, baba na mabinti wawili waliougua presha kali tangu utotoni, ilikutwa na kosa la jamaa hiyohiyo la kurithi. Kufikia mwaka 2013 makosa mengine yalikuwa yamejulikana, likiwemo la jeni ya mlango wa kalsiamu iitwayo CACNA1D.

Hapa ndipo msomaji wa Kisarawe anapaswa kusogea karibu. Nchini Japani sehemu kubwa ya uvimbe huu ina kosa la KCNJ5. Kwa Wamarekani weusi, uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba CACNA1D ndiyo inayoongoza. Kwa hiyo kipimo au dawa iliyotungwa kwa kutazama uvimbe wa Tokyo au Uppsala haiwezi kuchukuliwa kuwa imemaliza habari za mgonjwa wa Mzenga.

Tumbi na Mloganzila, leo

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu robo ya Watanzania wazima wana presha. Katika nchi zilizopima, aldosteroni inayomwagika ovyo huhusika kwa asilimia 5 hadi 10 ya wenye presha, na kwa wale ambao dawa tatu zimeshindwa hufika kama mmoja kati ya watano. Mwaka 2017 matokeo kutoka Nigeria, Kenya na Afrika Kusini yalionyesha kwamba wagonjwa wa presha sugu waliopangiwa dawa kwa kufuata kipimo cha renini na aldosteroni walitulia zaidi kuliko waliotibiwa kwa mazoea. Mwaka 2025 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kilipendekeza kwamba kila mwenye presha apimwe homoni hizo. Conn alikuwa na haki, na imechukua miaka 70 kukiri.

Pwani imebadilika pia. Mloganzila, hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 2017, iko mwendo mfupi kutoka Kibaha. Spironolaktoni, dawa inayozuia aldosteroni, ni ya zamani, ni rahisi, na hutumika hospitalini kwetu kwa wagonjwa wa moyo. Ninachoomba si mashine za ajabu. Mtu wa Visiga au Masaki anayemeza dawa ya kukojoza kila siku, ambayo nayo hupoteza potasiamu, apimwe potasiamu ya damu. Asiyeshuka kwa dawa tatu apimwe renini na aldosteroni, badala ya kuongezewa ya nne na kulaumiwa kwamba hazimezi.

Kuhusu sahani, Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku na potasiamu isipungue miligramu 3,510. Mihogo ya kuchemsha, kunde na mchicha wa Kisarawe vinatosha kuanzia, na vinauzwa sokoni. Ila mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia spironolaktoni, asijiongezee potasiamu wala asinunue chumvi mbadala yenye potasiamu kabla ya kuzungumza na daktari, kwa kuwa figo iliyochoka haiwezi kuitoa. Na wewe mwenye presha, safari ijayo ya kliniki uliza swali moja: potasiamu yangu ni ngapi?